Safu ya Nne

Jambo ninalotaka kuwasimulia liligharimu kazi ya mwanamke mmoja, simu ya kila Jumamosi ya mwanawe, na miaka kumi na sita ya mimi kunywa chai peke yangu. Nimejumlisha mara mbili, jumla haipungui. Nimejaribu hata kuomba punguzo, maana mimi ni mtoto wa sokoni Same na bei ya kwanza sijawahi kuikubali, lakini hapa muuzaji ni mimi na mnunuzi ni mimi, na muuzaji amegoma.

Ninyi wenzangu mliobaki kazini ndio mlioniomba niandike. Mlisema mnaletewa kompyuta, kwamba kila mtu atakuwa na neno lake la siri, ila atakuwepo mmoja mwenye uwezo wa kufungua kila kitu cha kila mtu, na mnataka kujua sisi wa zamani tulimchungaje mtu wa namna hiyo. Vyeo nilivyopata sitavitaja. Vipo kwenye faili, na faili lina vumbi la kulitosha. Nianze na siku ya kwanza.

Niliingia kazi ya simu mwaka uliofuata Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa nguzo. Tulichimba mashimo kando ya reli, tukasimamisha nguzo, upepo wa Same ukaziinamisha, tukarudi kuzinyoosha. Kazi haikuwa na mwisho, na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Opereta mmoja alipohamishwa, mimi nikaitwa ndani kwa sababu nilijua kusoma, kuandika, na kupaza sauti bila kutukana.

Swichibodi ilikuwa kabati la mbao lenye matundu hamsini. Nilihesabu asubuhi, nikahesabu tena baada ya chai. Mawili hayakuwa na waya. Kila tundu lilikuwa mtu au ofisi: polisi, hospitali, stesheni ya reli, na laini ya saba ilikuwa duka la Mzee Shabani pale karibu na stendi. Mtu akizungusha mkono wa simu kwake, kibati kidogo juu ya tundu lake kinaanguka. Unachomeka kamba, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka kamba ya pili kwa anayetakiwa, unapiga kengele, wanaongea. Hapo kazi yako imekwisha, isipokuwa kwa kitu kimoja. Kila jozi ya kamba ilikuwa na swichi ndogo nyeusi. Ukiisukuma mbele unawasikia wote wawili, na ukisema, nao wanakusikia. Iliwekwa ili opereta ajue kama watu wamemaliza, au kama laini ya Moshi imekatika. Lakini swichi haikuwa na tabia ya kukuuliza unaifungua kwa nini.

Aliyenifundisha ni Mama Elieza, mjane kutoka Bombo, aliyejifunza simu kwenye hospitali ya misheni huko milimani. Alikuwa na jina la ubatizo, ila mjini hakuna aliyelitumia. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye wakati ule alikuwa darasani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kuunganisha simu."

"Hapana. Kuunganisha ni mkono, na mkono hata nyani anao. Umekuja kutokusikiliza."

Akanionyesha kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kimefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kitabu cha Kusikiliza. Kilikuwa na safu nne: tarehe na saa, laini, jina la opereta, na ya nne, pana kuliko zote, sababu. Kila unapofungua ile swichi watu wakiwa wanaongea, unaandika.

"Ukiandika sababu ya kikazi, salama," akasema. "Ukiandika sababu isiyo ya kikazi, onyo. Usipoandika kabisa, hiyo ni kusikiliza kwa siri, na unakwenda nyumbani."

"Kwa hiyo mtu akizidiwa na umbea, bora auandike?"

"Bora auache. Akishindwa kuuacha, auandike. Na wewe mdomo wako utakuletea shida, ninauona."

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa mizuri. Tulikuwa maopereta watatu: yeye, mimi, na Rajabu, kijana wa pale pale mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokaa Same tangu zamani za babu zao. Mchana tulikunywa chai ya rangi kwenye ngazi ya nyuma, tukiitazama milima imefunikwa na wingu huku sisi bondeni tunakula vumbi. Mama Elieza alikuwa anasema kwao kunanyesha, kana kwamba ni kosa letu. Mke wangu alikuwa kijijini Kighare, na watoto na shamba. Nilimwona mwisho wa mwezi. Chai ile ndiyo ilikuwa familia yangu ya katikati ya wiki.

Baada ya Azimio la Arusha, wakubwa wakawa na siri nyingi kuliko zamani, na wengi walizisema kwenye simu. Ikaamuliwa kituo kiwe na mkaguzi wa maopereta. Wakanichagua mimi, nadhani kwa sababu ripoti zangu zilikuwa na hesabu zinazokubaliana. Tulikuwa watatu, sasa mmoja akawa wa kuwachunga wawili. Nikapewa stoo ya zamani ya betri, iliyonuka asidi, na kisanduku chenye waya uliounganishwa na kila jozi ya kamba. Kisanduku kilikuwa na kisikilizio bila kisemeo. Niliweza kusikia, sikuweza kusema. Aliyekibuni sijui aliijua vipi hali itakayonipata.

Mama Elieza alikuja kusimama mlangoni siku ya kwanza.

"Sasa wewe utatusikiliza ili sisi tusisikilize."

"Ndiyo, mama."

"Na kitabu chako wewe kiko wapi? Cha kuandika ukifungua?"

"Sikupewa."

"Nani atakukagua?"

"Wakubwa. Wako Moshi."

"Mbali," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Niwape siri ya kazi, kwa kuwa hakuna swichibodi iliyobaki ya kuiibia. Opereta akifungua swichi katikati ya mazungumzo, sauti za wanaoongea hushuka kidogo, kama mtu amefungua mlango wa chumba na hewa imetoka. Kabla yake kuna mlio mdogo, mdogo kuliko wa kucha kwenye meza. Baada ya miezi sita niliweza kuusikia hata mbuzi wakipita chini ya dirisha. Unausikia, unatazama saa, unaandika kwenye karatasi yako, kisha jioni unalinganisha na Kitabu. Ukaguzi wote ndio huo. Mengine ni muhuri.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya sukari. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na siku ya lori haikutangazwa, ili watu wasisukumane. Meneja wa duka la ushirika alipigiwa simu tu kwamba lori limetoka. Asubuhi moja nilipita pale nikakuta foleni ya watu thelathini na mmoja, na lori halijafika hata Mwanga. Nikahesabu tena: thelathini na mmoja. Wa kwanza kabisa alikuwa shangazi yake Rajabu, amekalia ndoo, anasuka ukili.

"Shikamoo, shangazi. Mnasubiri nini?"

"Marahaba. Tunapunga upepo."

"Na hivyo vikapu?"

"Vya kuwekea upepo."

Nilirudi nikafungua Kitabu. Rajabu alikuwa mwerevu. Aliandika kwamba alifungua laini ya duka la ushirika "kuhakikisha mawasiliano". Mawasiliano aliyahakikisha kweli, mpaka kwa shangazi. Nilimwandikia ripoti. Akapata onyo kali na zamu za Jumapili mwaka mzima. Kumbukeni hili, nitalihitaji baadaye kidogo: ile siku nilisoma safu ya nne kwa sababu nilikuwa nimeshajua namtafuta nani.

Tangu hapo chai ikawa na mabadiliko. Nikitokea kwenye ngazi ya nyuma, mazungumzo yanakwisha. Hawakuninunia, walinihamishia heshima, ambayo ni mbaya zaidi. Rajabu peke yake ndiye aliyenisemesha, na yeye kwa kunichokoza.

"Mkaguzi, leo umenisikia nikipiga chafya mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili ilikuwa ya Mama Elieza."

"Basi kila mtu moja."

Hakucheka. Nikawa nabeba kikombe changu stoo, nakinywa karibu na kisanduku. Nilisikia arusi zikipangwa, misiba ikitangazwa, mabwana wakubwa wakiombana mabati, akina mama wakiuliza mtoto ameanza kutembea. Wilaya nzima ilipita sikioni mwangu, na mtu wa kuniuliza kama nimelala vizuri hakuwepo. Mara moja kwa mwezi nilipanda basi kukagua vituo vidogo, hadi Kifaru upande huu na Gonja upande ule. Huko nako, nikiingia tu, watu walinyoosha migongo.

Mwisho wa kila mwezi nilikagua Kitabu cha Kusikiliza. Nitawaeleza nilivyokagua, na mnisome polepole. Nilihesabu mistari. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Nikahakikisha kila mlio wa kwenye karatasi zangu una mstari wake kitabuni, na kila mstari wa simu ya mbali una tiketi yake, kile kikaratasi cha malipo. Vikikubaliana, nikaandika chini ya ukurasa: "Imekaguliwa, sahihi", nikatia saini. Wakubwa Moshi walinisifu kwamba kituo chetu hakina mstari unaopotea. Ni kweli. Hakuna mstari uliopotea.

Sasa Elieza. Alimaliza shule, akapata kazi ya ukarani Tanga, bandarini. Huko alimpenda binti wa mkata mkonge, watu waliotoka mbali sana, kule mwisho wa nchi. Mama Elieza akakataa. Alisema kwao hakujulikani, na wazee wa Bombo watauliza. Siku Elieza alipompigia mama yake kumaliza maneno, nilikuwa kwenye kisanduku. Ningeweza kuvua kisikilizio. Sikuvua.

"Mama, mimi nimeshaoa."

"Umeoa bila mimi?"

"Nimekuuliza mara tatu."

"Na mara tatu nimekujibu."

"Basi hutaisikia sauti yangu tena."

Akakata. Mama Elieza alichomoa kamba, akaunganisha polisi na hospitali, kama kawaida. Na sisi tukaendelea kumwita Mama Elieza, kutwa mara ishirini, kwa kuwa ndilo jina tulilokuwa nalo.

Mambo yakawa hivi. Mzee Shabani wa duka la laini ya saba alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Elieza, na kijana aliwahi kumsaidia dukani wakati wa likizo. Kila Jumamosi kama saa nne asubuhi, Elieza alimpigia kutoka Tanga. Aliuliza habari za nyumbani. Jina la mama yake halikutajwa. Alijua fika kwamba simu ile inapita mikononi mwa mama yake. Lakini alikulia chini ya kile kiti cha opereta, sheria ya swichi aliijua kabla ya kujua kuandika, na aliamini kwamba mama yake havunji sheria. Mengi ya haya niliyajua baadaye; wakati ule simu zile nilizijua kwa tiketi tu. Jumamosi saa nne ilikuwa saa yangu ya kuhesabu tiketi, na sikuwa na tabia ya kuhesabu huku nikisikiliza.

Jumamosi moja tiketi zilikwisha mapema. Nikavaa kisikilizio. Opereta wa Tanga aliomba laini ya saba, Mama Elieza akaunganisha, kengele ikalia dukani, simu ikapokelewa. Kisha nikausikia ule mlio mdogo, na hewa ikatoka chumbani.

"Shikamoo, mzee," akasema Elieza.

Mzee Shabani alikuwa amepokea simu akaiweka kaunta, anampimia mtu mafuta ya taa. Unaweza kusikia chupa.

"Shikamoo," Elieza akarudia.

Ninyi mmelelewa kama mimi. Mnajua salamu ya mtoto ikining'inia bila kujibiwa inavyomfanya mtu mzima. Haiwezekani kuiacha pale. Mkono unaweza kuuzuia, ulimi hauzuiliki.

"Marahaba, mwanangu."

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anayejibu kutoka jikoni.

"Nani huyo?" akauliza Elieza. "Nani huyo kwenye simu?"

Mzee Shabani akarudi, "Haloo, Elieza, nilikuwa napima mafuta," lakini Tanga ilikuwa imekata. Zilibaki nyaya tu zikivuma.

Opereta mwenye nia mbaya huziba kisemeo kwa kiganja. Rajabu alikuwa na soksi maalumu kwa kazi hiyo. Mama Elieza hakuziba kwa kitu chochote.

Nilitoka nje. Mama Elieza alikuwa anaandika kitabuni. Rajabu, kwenye kiti cha pili, alikuwa ameshika kamba mkononi na hajui aichomeke wapi.

"Umesikia," Mama Elieza akasema bila kugeuka.

"Nimesikia, mama."

"Basi andika. Mimi nimeshaandika."

"Labda mstari ulikuwa mbovu. Labda sauti iliingia kutoka laini nyingine."

"Usinifundishe uongo kwenye kiti nilichokufundishia kazi."

Rajabu akacheka kwa pua. "Mimi niliandikiwa kwa kilo mbili za sukari," akasema. "Ngoja tuone marahaba ni kilo ngapi."

Mchana Mzee Shabani alifunga duka, jambo alilolifanya kwa Idi na kwa msiba tu, akaja stoo kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi leo sikupigiwa simu."

"Ulipigiwa, mzee. Tiketi ipo."

"Haya, nilipigiwa. Sikusikia mwanamke."

"Mimi nilimsikia."

"Wewe unasikia sana. Punguza."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Maneno mawili. Mtoto wa sokoni unashindwa kupunguza maneno mawili?"

"Na Rajabu?"

"Rajabu niachie mimi."

"Rajabu hauzwi dukani kwako, mzee. Akiandika Moshi kabla yangu, tunaondoka wote."

"Sasa nimeelewa tunazungumza habari za nani," akasema. Akachukua kofia yake akaondoka.

Watu walipotawanyika nilifungua Kitabu nione alichoandika. Tarehe, saa nne na dakika tano, laini ya saba, jina lake. Safu ya nne: "Kusikia sauti ya mwanangu. Nimejibu salamu yake kwa bahati mbaya."

Nikafikiri, vizuri, ameandika, hili litakuwa onyo. Halafu jicho likapanda juu ya ukurasa. Jumamosi iliyotangulia, laini ya saba: "Kusikia sauti ya mwanangu." Nikageuza ukurasa. Jumamosi, laini ya saba. Nikageuza tena. Alikuwa ameandika kila Jumamosi tangu mwanawe aanze kupiga, kwa mwandiko ule ule wa misheni, bila kufupisha. Nilihesabu tisini na moja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, hesabu ya pili ilikataa, nikapata tisini na mbili, ikabidi nihesabu ya tatu. Tisini na mbili. Na chini ya kila mwezi, isipokuwa huo ambao haujaisha, kulikuwa na maandishi mengine: "Imekaguliwa, sahihi", na saini yangu. Mara ishirini na mbili.

Nilihesabu mistari yake yote. Sikusoma hata mmoja.

Hapa lazima mwelewe mizani ilivyokaa. Kitabu kikionekana, Mama Elieza ameandika, kwa hiyo hakusikiliza kwa siri. Anapata onyo, labda kali, anabaki kwenye kiti chake. Lakini kitabu kikionekana, mkaguzi ameidhinisha mara ishirini na mbili jambo lililokatazwa, na mkaguzi wa namna hiyo haonywi. Kitabu kisipoonekana, mambo yanageuka: mkaguzi amemkamata msikilizaji, na msikilizaji anakwenda nyumbani. Nilikaa na mizani hiyo Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi nilifungua kitabu kipya, nikakifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, na ripoti ya marahaba moja ikaondoka na basi la Moshi.

Bwana aliyetumwa kuchunguza alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Alituketisha wote.

"Mama, ulisikiliza simu ya watu?"

"Nilisikiliza."

"Mara moja hii tu?"

"Kila Jumamosi. Na kila Jumamosi niliandika."

"Kitabu hiki ni kipya. Cha zamani kiko wapi?"

Mama Elieza akageuza shingo kunitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, akisubiri nimwambie nimekuja kufanya nini.

"Muulize mkaguzi," akasema.

"Kimeliwa na mchwa," nikasema.

Mchwa wa Same wamesingiziwa mengi. Yule bwana hakuona ajabu. Akaandika kwamba opereta alikuwa akisikiliza kwa siri kwa muda mrefu, na akadai kuwa na maandishi ambayo hayapo. Kwa hiyo hakufukuzwa kama msikilizaji tu, alifukuzwa kama mwongo. Alikusanya vitu vyake: kitambaa, kikombe, mto mdogo wa kiti. Aliponipita nilisema shikamoo. Alisimama, nadhani mazoea yalimvuta, kisha akaendelea kutembea. Jioni alipanda gari la Bombo.

Saa nne ya Jumamosi iliyofuata nilikaa kuangalia kibati cha laini ya Tanga. Hakikuanguka kwa ajili ya laini ya saba siku hiyo, wala nyingine yoyote. Mzee Shabani akawa anatuma mtu kununua stempu, haji mwenyewe. Rajabu aliacha hata kunihesabisha chafya, nilitamani aniulize. Mke wangu alifariki miaka michache baadaye, watoto wakaenda Dar, na mimi nikaendelea kukagua. Nilikagua vizuri sana. Nilisoma kila safu, kila neno, nikaandika na yangu mwenyewe kwenye daftari nililojinunulia: saa niliyovaa kisikilizio, laini, sababu. Hakuna aliyenidai daftari hilo na hakuna aliyelitazama.

Kwa hiyo mkiniuliza habari za kompyuta, jibu langu ni fupi. Mnasema mashine itaandika yenyewe kila mwenye funguo alichofungua, saa ngapi, kwa jina lake, na haiwezi kusahau. Sawa. Hata sisi hatukusahau kuandika. Tafuteni mtu wa kusoma, si wa kuhesabu. Na huyo msomaji naye mpeni msomaji wake, asiye rafiki yake, asiye adui yake, na asikae mbali. Pia mruhusuni anywe chai na watu. Mkaguzi aliyezoea kuwa peke yake akikosea hana wa kumwambia, na kosa lisilo na wa kuambiwa linakua.

Ningeishia hapo, ila mwezi uliopita mtu aligonga mlango wangu. Mwanaume wa makamo, ndevu zimeanza mvi. Sauti niliitambua kabla ya uso.

"Shikamoo, mzee. Mimi Elieza."

Nilimkaribisha. Alinieleza kwamba amerudi Bombo na mkewe tangu mwaka jana kumuuguza mama yake, na kwamba mama na mkewe wanaelewana kuliko yeye anavyoelewana na yeyote kati yao. Miaka yote aliyokaa Tanga aliambiwa kwamba mama yake alifukuzwa kwa kumpeleleza kwa siri, apate la kumsema mkewe. Aliamini. Sasa mgonjwa anasema maneno mengine.

"Anasema alinisikiliza kila Jumamosi ili asikie sauti tu, na kwamba aliandika yote kitabuni. Mke wangu anamwamini. Mimi nadhani ni homa, au ananipoza. Wewe ndiye ulikuwa mkaguzi. Kiliwahi kuwepo kitabu cha namna hiyo?"

Kilikuwa mita mbili kutoka kwake, chini ya kitanda changu, ndani ya mfuko wa nailoni. Kiko kizima, mchwa hawajakigusa.

"Niache nikumbuke," nikamwambia. Akasema atapita tena. Jana ameleta ujumbe kwamba mama hali tena chakula, anakunywa uji tu, na kwamba yeye atashuka Same Jumatano kununua dawa, atapanda basi la kurudi siku hiyo hiyo mchana.

Sasa ninyi ndio mnajua taratibu za siku hizi. Kitabu ni mali ya ofisi. Nikikirudisha kwenu kitapigwa muhuri, kitaingia kabatini, na barua itaandikwa kuhusu mafao yangu, na kwa hilo siwalaumu. Nikimpa Elieza, atampelekea mama yake akiwa bado anaweza kuyashika maandishi yake mwenyewe, na atakuwa amechukua mali ya ofisi mikononi mwa mtu asiye na haki ya kuitoa, na chini ya kila ukurasa atakuta jina langu. Sijui kama nimpe kimya kimya, nimpe na maelezo, au nipande naye basi na kukipeleka kwa mikono yangu mpaka kitandani kwa mama yule. Leo ni Jumapili. Nishaurini kabla ya Jumatano.